Sikio la Zege

Katika kijiji kile hapakuwa na mtu aliyejua kunong'ona. Si kwamba walikuwa wagomvi, la. Walikuwa na kinu. Mashine ya kusaga ya Mama Kinu ilisimama katikati ya bonde, injini yake ya dizeli imekazwa kwa boliti juu ya sakafu, na tangu kukicha mpaka jua likizama ilikuwa ikipiga tu-tu-tu-tu, ikitikisa vikombe kabatini na meno machache waliyobakiwa nayo wazee. Mtoto aliyezaliwa pale alijifunza kulia kuipita sauti ile, ama sivyo alale na njaa. Jogoo mwenye sauti ya wastani hakupata mke. Mtu akimwambia jirani yake "umeamkaje", mbuzi wa kilima cha pili waliinua vichwa na kuitikia.

Na kwa sababu hiyohiyo, dunia nzima haikuwa na mahali pa siri kama pale kinuni. Ukitaka kuposa, kumsengenya mkweo au kupanga njama ya urithi, ulijitwika debe lako la mahindi, ukapanga foleni, ukamsogelea mwenzako mpaka midomo ikagusa sikio lake, kisha ukapiga kelele kwa nguvu zako zote. Aliyesimama nyuma yako hakuambulia hata irabu. Ndoa nyingi za pale zilifungwa kinuni na nyingi zilivunjikia hapohapo, na Mama Kinu mwenyewe, aliyekuwa mita mbili tu, hakujua hata moja. Alichoona ni midomo ikichezacheza kama ya samaki.

Alikuwa mjane mfupi, mnene, kope nyeupe kwa unga. Aliuza ng'ombe wote wa nyumba kununua mashine ile, ndugu wa mume wakasema karogwa. "Ng'ombe mnamkamua asubuhi na jioni," aliwajibu. "Huyu wangu nitamkamua kutwa, na hanyi mlangoni." Tangu siku hiyo walimwogopa, na waliomwogopa walimpenda kwa mbali.

Basi akaja Mtaalamu. Kijana wa mjini, viatu vyeupe, na kila alipofungua kinywa neno la kwanza lilikuwa "wadau". Aliitisha mkutano, akasema watu wa mjini wamechoka na kelele, wanatafuta ukimya kama mgonjwa anavyotafuta dawa. "Ukimya ni rasilimali, wadau. Ninyi mnao, mmeukalia tu!" Wazee wawili watatu walijiinua kidogo kwenye benchi wakatazama chini.

"Huu utakuwa utalii endelevu," akasema. "Hatukati mti, hatuleti moshi, hatusumbui hata mdudu."

Hawakusumbua mdudu kweli, kwa kuwa tingatinga lilipomaliza kufyeka kilima hapakuwa na mdudu wa kusumbuliwa. Barabara ikapasuliwa katikati ya msitu, kisha kila mti uliokatwa ukapandiwa mche kwenye kopo, na kila kopo likapewa kibao: *Hapa tunapenda miti.* Kiangazi kizima malori yalipanda na saruji. Na juu ya kilima likainuka Sikio.

Lilikuwa sikio, jina halikudanganya. Sikio la zege, refu kama ghorofa sita, limegeuzia uso bondeni, na mikunjo yake yote na tundu lake. Ndani ya tundu palikuwa na ukumbi wa mito ya kukalia. Chini kwenye ndewe, pale patobolewapo hereni, palikuwa na duka la vikombe vya mianzi vilivyoletwa kwa ndege kutoka ng'ambo ya bahari ili kuzuia uchafuzi wa hewa. Jenereta lilinguruma nyuma ya uzio, lakini kelele zake hazikuhesabiwa, maana uzio ulichorwa majani.

"Kwa nini sikio?" mtu aliuliza kwenye mkutano uliofuata.

"Ili ukimya wote wa bonde ukusanyike mahali pamoja," akasema Mtaalamu. Watu wakapiga makofi. Kwa makofi yao, vibao viwili vilianguka.

Siku ya kwanza ya kulijaribu, Mtaalamu aliingia peke yake, akakaa kwenye mto, akafumba macho. Akatoka amekumbatia kichwa kwa mikono miwili, macho mekundu. Sikio lilikuwa limezoa tu-tu-tu yote ya bondeni na kumpigilia nayo utosini kama msumari. Hakusikia kitu kingine chochote. Na kwa kuwa alikuwa msomi, akakata shauri palepale: baina yake na ukimya kimesimama kinu, hakuna kingine.

Ndipo akatumwa Shemeji Mwenyekiti. Huyu alikuwa mdogo wa marehemu mumewe Mama Kinu, mwenyekiti wa kamati ya utalii, ya maji, ya misiba, na ya jambo lolote lenye kikao na chai. Tangu Sikio lianze kujengwa alikuwa akivaa tai juu ya sweta. Alikuwa pia na pua iliyopiga filimbi kila alipovuta pumzi, lakini bondeni hakuna aliyewahi kuisikia.

"Shemeji!" alipiga kelele mlangoni. "Zima kidogo tuongee!"

"Ongea! Nani kakuziba?"

"Mambo ya kamati hayasemwi kwa kupayuka!"

"Basi yaandike ukutani kwa mkaa, nitayasoma nikienda chooni!"

Ikabidi amsogelee, amwambie sikioni. Siku ya uzinduzi watakuja wakaguzi wa Cheti cha Kijani. Siku hiyo kinu kisingurume. Wakaguzi wakiridhika na ukimya, cheti kinatoka, na kinu kinahamia ng'ambo ya mlima moja kwa moja.

"Na watu wabebe madebe kupanda mlima?"

"Kuna mpango wa punda endelevu."

Mama Kinu alimtazama kama anayetazama mahindi yenye fukusi. "Na mimi?"

"Wewe umefikiriwa, shemeji yangu, wewe ndiye wa kwanza kufikiriwa! Utakaa pale kwenye ndewe na jiwe la kusagia, lile la mkono. Unasaga polepole, bila sauti. Wageni wanapiga picha. Wanataka asili."

"Asili yangu mimi dizeli."

"Bibi zetu wote walisaga kwa jiwe!"

"Na wote walizikwa wamepinda, majeneza yao yakichongwa kama mundu. Mgongo uliopinda ndio asili? Mpe mkeo jiwe, apigwe picha yeye."

"Sikio la kufa halisikii dawa, shemeji!"

"Na sikio halizidi kichwa! Kawaambie waliolijenga lile pale juu!"

Mwenyekiti akaondoka, tai imejaa pumba.

Lakini kamati haikulala. Ilipiga kura, na mikono ikainuka kama magugu baada ya mvua. Kila nyumba ilikuwa na mtu wake Sikioni. Vijana walipewa kazi ya ulinzi wa ukimya: wanavaa ndara za sufi na kufukuza vyura. Hata mkwe wa Mama Kinu, mke wa mwanawe dereva wa lori, alipata kazi ya mnong'onezi, yaani yule anayewaongoza wageni ndani na kuwaeleza mambo kwa sauti ya chini. Wiki ya kwanza ya mafunzo alirudi na homa.

"Koo limevimba, mama," alilalamika. "Kunong'ona kunachosha kuliko kutwanga."

"Huo ni ugonjwa wa kizungu. Kunywa maji ya chumvi."

Siku Mama Kinu alipokwenda kumzika binamu yake kijiji cha jirani, kamati iliingia kinuni ikavua mkanda wa mashine. Injini bila mkanda ni kama jogoo bila koo: itatetemeka tu. Alipouliza mkanda wake uko wapi, akajibiwa uko salama stoo kwa Mwenyekiti, na atarudishiwa jioni ya uzinduzi, iwapo atakuja kukaa na jiwe kwa adabu. Asipokuja, mkanda utakatwa ndara za wageni.

Akaja. Alikuja na jiwe kubwa kuliko yote aliyoyapata, na mahindi makavu kama changarawe, kwa nia mbaya kabisa ya kusaga kwa kelele mpaka wakaguzi wakimbie. Nia hiyo, kama tutakavyoona, haikuhitajika.

Siku hiyo mabasi yalipanda kilima moja baada ya jingine, yakipiga honi kwenye kila kona, kuja kusikiliza ukimya. Mgeni rasmi alifika na king'ora. Vipaza sauti vilifungwa pande zote, na hotuba kuhusu thamani ya ukimya zikaendelea hadi spika moja ikatoa moshi. Bondeni kila kitu kilikuwa kimezibwa: mbwa wamevishwa soksi midomoni, kengele za ng'ombe zimeshindiliwa nyasi, majogoo wamefunikwa matenga. Watu waliamriwa wasifanye kazi, wakae majumbani mwao na kunong'ona tu.

Hapo ndipo lilipokuwa kosa. Mtu asiye na kazi, aliyefungiwa ndani na mwenzake, atafanya nini isipokuwa kuzungumza? Na mnong'ono wa kijiji kile ulikuwa ule waliorithi: ule wa kuishinda injini. Walinong'ona kwa utii wote, kwa moyo mmoja, kwa mapafu mawili.

Mwenyekiti alikuwa ameandaliwa kiti cha mbele. Alipoketi tu, Mtaalamu akamjia juu ya ncha za vidole.

"Mzee wangu, samahani. Pua yako."

"Imefanyaje?"

"Inapiga filimbi. Ukimya hautaivumilia. Tungekuomba uuone uzinduzi ukiwa nyumbani."

Akateremka kilima, tai ikipepea, sura imevimba kama andazi. Mama Kinu, pale kwenye ndewe na jiwe lake, akamwona akipita. "Shemeji, mbona mapema? Au punda endelevu wamegoma?" Mwenyekiti akaongeza mwendo.

Wageni wakaingia tundu la Sikio, wakajilaza kwenye mito. Wakaguzi wawili wakakaa mbele na mashine yao ya kupimia kelele, mmoja bado ana kijiti cha kuchokolea meno mdomoni. Jenereta likazimwa. Mkwe akasimama mbele, akanong'ona alivyofundishwa: "Wageni wetu, fumbeni macho. Sasa mtasikia kitu ambacho hamjawahi kukisikia."

Msichana wa watu hakudanganya.

"...na kilo yake ile si kilo," sauti ya mwanamke ikatoka ukutani, nzito, safi, kama imesimama mbele yao. "Muuza nyama yule kafunga kipande cha chuma chini ya mizani. Tumekula chuma miaka!"

Wageni wakafumbua macho. Sikio lilikuwa limejengwa kwa hesabu nzuri mno. Lilizoa kila neno la bonde, likaliosha kwenye mikunjo yake na kulitoa likiwa limenenepa.

"Afadhali muuza nyama," ikajibu sauti ya pili. "Mama Kinu je? Unga unaomwagika mnadhani unaenda wapi? Angalia kuku wake! Kuku wana mashavu! Wanene kuliko wateja!"

Mama Kinu aliachia jiwe. Ilikuwa kweli. Alijikuta akitazama mbele kama mtu aliyekamatwa na mfupa mfukoni, na unga usoni mwake ukamsaidia, kwani hakuna aliyeona alivyobadilika rangi. Ya kusaga kwa kelele aliyasahau kabisa. Alisogea mlangoni mwa tundu ili asikie vizuri zaidi.

Ndipo ikaja ya Mwenyekiti, pamoja na filimbi yake ya pua, kubwa sasa kama ya treni.

"Ati pua! Mimi! Mimi niliyewapa kijiji kizima mikononi, leo nafukuzwa kwa pua!"

"Pole, mume wangu. Kula."

"Kiwanja cha kinu nimewapa wajenge choo cha wageni. Choo! Shemeji anadhani kinu kitahamishwa; kitauzwa chuma chakavu! Chemchemi nimewapa waogelee, na kijiji hakina habari mpaka leo! Na wale wakaguzi wao, jana walikula mbuzi wangu wawili hapa, wakafutia midomo fomu za ukaguzi. Unadhani wanapima kelele wale? Wanapima mchuzi!"

Ukumbini, kijiti cha mkaguzi kilianguka.

"Sema polepole, watu watasikia."

"Nani atasikia? Si nanong'ona?"

Mtaalamu aliruka. Akaanza kurusha mito kwenye tundu ili alizibe, lakini nani amewahi kuziba sikio la ghorofa sita kwa mto? Na wageni wenyewe walimzomea. "Shh!" "Kaa chini wewe!" "Hebu tusikie!" Mgeni rasmi alikuwa ameinama mbele, mkono nyuma ya sikio, akiuliza kwa wasiwasi, "Na mimi? Kanitaja?" Watu mia kadhaa walikuwa wamebana pumzi, hakuna anayekohoa, hakuna anayekuna. Ukimya walioutafuta ulikuwa umepatikana. Uliletwa na umbea.

Halafu Mtaalamu akasimama. Uso wake ukabadilika taratibu, kama wa mtu aliyekanyaga kinyesi akagundua ni dhahabu.

"Wadau," akasema. "Hii nayo ni bidhaa."

Akawatangazia wageni palepale kwamba kuanzia kesho, kila siku, asubuhi na alasiri, kutakuwa na Masikilizi ya Asili: sauti halisi za wanakijiji halisi, bila kuigiza. Makofi yakalipuka. Mkwe akamtazama mama mkwe wake, na kwa mara ya kwanza tangu mafunzo akasahau kunong'ona.

"Mama! Kesho watasikia ya kwetu!"

Walinzi wa ukimya walikuwa wameshavua ndara zao na kuteremka kilima mbio, wakipayuka, "Nyamazeni! Mnasikika! Yote yanasikika!" Kijiji kikatoka nje. Mtu akauliza, "Hata la jana?" Mwingine, "Hata la chumbani?" Kisha kila mmoja akaanza kupekua moyoni aliyoyasema tangu asubuhi. Muuza nyama alionekana akikimbia na mizani kichwani.

Mama Kinu alipofika kinuni kwake alikuta foleni, lakini haina madebe. Mikono ileile iliyoinuka kwenye kura ilikuwa imekunjwa kifuani.

"Mama, washa."

"Niwashe nini? Sina mkanda. Nina jiwe. Jiwe ni asili."

"Mama Kinu, tafadhali! Tutaishije?"

"Nong'oneni."

Umati ukafunguka katikati, akaja Mwenyekiti, mkanda umemning'inia shingoni pamoja na tai. Kwa mara ya kwanza bonde zima lilisikia filimbi ya pua yake.

"Shemeji," akasema. "Mkanda huu hapa. Funga, washa, yaishe."

"Choo cha wageni kinajengwa wapi?"

"Shemeji, hayo ni maneno tu ya mtu mwenye hasira."

"Na chemchemi wataogelea lini?"

Kijiji kikamgeukia Mwenyekiti. Kilikuwa kimesikia habari za mbuzi kutoka kwa walinzi. Habari za chemchemi zilikuwa ndizo zinafika. Mwanamke mmoja akatua ndoo yake chini taratibu sana, kama mtu anayetaka mikono yote miwili iwe huru.

"Geukia kilimani," akasema Mama Kinu. "Sikio liko wazi, wakaguzi wako wako ndani, na mgeni rasmi anakuulizia. Nong'ona kwamba kiwanja si chako na chemchemi si yako, na uliyowapa umewapa hewa. Nong'ona vizuri, mnong'ono wa kwetu."

Mwenyekiti akageukia kilimani, akavuta pumzi, filimbi ikapanda, na akasema yote. Kule juu wageni walisimama kumpigia makofi. Mgeni rasmi, akiwa na mashahidi wengi kuliko alivyopenda, akalazimika kutamka mbele yao kwamba kiwanja na chemchemi havitaguswa.

Mama Kinu akachukua mkanda shingoni mwa shemeji yake, akaacha tai. Akaufunga, akashika hendeli, akazungusha. Tu. Tu-tu. Tu-tu-tu-tu. Bonde likajifunika sauti yake kama mtu anayevuta blanketi, na watu wakaanza kupumua, kisha kuongea, kisha kutukanana kwa raha zao.

Ungedhani Mtaalamu alifunga virago. Humjui. Aliingia Sikioni, akasikia tu-tu-tu, akatafakari kidogo, akabadilisha kibao. Sasa kinasomeka: *Mapigo ya Moyo wa Ardhi.* Wageni huja kwa mabasi yaleyale, hujilaza, hufumba macho, na wapo wanaotokwa na machozi. Wakaguzi walitoa Cheti cha Kijani, wakieleza kuwa moyo ni kitu cha asili na moshi unaoonekana bondeni ni ukungu. Siku moja Mama Kinu alizima injini apate kula, na kule kilimani kukazuka vilio: waliamini ardhi imefariki. Mtaalamu alishuka akihema kumwomba asiwe anakula.

"Mwambie Mtaalamu," alimwambia mkwe wake jioni hiyo, "moyo wangu unatumia dizeli. Na kuku wangu hawajashiba."

Kisha akamwita karibu, akamshika bega, akamwambia jambo jingine sikioni. Mkwe alicheka hadi akakaa juu ya gunia. Waliosimama foleni waliona midomo tu ikichezacheza, na alichosema hawajakijua mpaka leo, kwa maana kinu kilikuwa kinanguruma.